Mia Sitini na Wenzake

Katika baraza letu la kahawa, hapa Ngamiani, Tanga, hakuna mtu anayekuja na kusema kwamba anaumwa. Husema neno lolote litakalowapa wenzake ruhusa ya kumcheka, na ugonjwa wenyewe huuchomeka humo ndani kimyakimya. Karani mstaafu wa bandari, kwa mfano, hakutuambia kwamba goti lake la kulia lilikuwa linamsumbua. Alikaa, akanyoosha mguu, akapokea kikombe chake, akasema, "Jamani, mimi leo nimeamka na goti la babu yangu." Fundi saa hakuinua hata macho kutoka kwenye drafti. "Mrudishie mwenyewe," alisema, "huko kaburini atakuwa analitafuta." Tukacheka, karani akacheka kutuzidi sote, na kicheko kilipotulia ndipo maswali yalipoanza: limeanza lini, linauma zaidi wakati wa kupanda ngazi au wa kushuka, linavimba au halivimbi, asubuhi linakaza kwa muda gani, na sijida je, bado anaifikia au siku hizi anaswali akiwa amekaa kwenye kiti? Kabla dele la kahawa halijazunguka mara ya pili, mtu ambaye hakuwa ameeleza lolote alikuwa ameshahojiwa kwa kirefu, pengine kuliko ambavyo zahanati yenye foleni ingeweza kumhoji.

Nauandika utani huu kwa sababu wapo wanaoulaumu. Binti zetu husema kwamba wanaume wa rika letu hawaendi hospitali kwa kuwa wamezoea kugeuza kila jambo kuwa mzaha, na kwamba mzaha huo ndio unaowazika kabla ya siku zao. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, na nitaufikia. Hata hivyo, kwa ninavyouona utani kutoka kwenye benchi lile la saruji, mara nyingi ndio unaomtoa mtu nyumbani na kumfikisha kwenye chumba cha daktari, kwa sababu mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba kulalamika ni udhaifu anaweza kuusema woga wake hadharani kwa namna moja tu, nayo ni kuwapa wenzake wauchezee.

Katika nchi hii utani na maradhi havijaanza kukutana jana. Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi waliokuwa wakibeba mizigo ya misafara hadi pwani ni watani wa Wazaramo waliowakuta huku. Reginald Moreau, Mwingereza mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani, juu kule kwenye milima ya Usambara, alivutiwa na mambo haya kiasi cha kuyaandikia makala mwanzoni mwa miaka ya 1940, ingawa hakuna aliyemtuma kuacha ndege zake. Naye aliyewahi kuhudhuria msiba wenye watani anajua wanavyofanya: mtani huigiza mwendo wa marehemu, huigiza namna alivyokuwa akikohoa, hujilaza njiani ili jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na wafiwa hujikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Ikiwa kikohozi cha marehemu kinaweza kuchezwa mbele ya jeneza lake, sembuse goti la mtu aliye hai na kikombe cha kahawa mkononi.

Ila katika baraza letu watani wa jadi ni wawili tu, mwalimu wa hisabati ambaye ni Mnyamwezi na muuza samaki ambaye ni Mzaramo. Sisi wengine, yaani fundi saa, karani, dereva mstaafu wa malori na mimi, ni marafiki wa kawaida, hatuna ruhusa iliyoachwa na mababu, na kwa hiyo mipaka tumeijua kwa kujikwaa. Mwenye ugonjwa ndiye anayeufungua mlango. Hakuna anayemwanza mtu kwa jambo ambalo mwenyewe hajalitaja. Mtu hataniwi mbele ya mkwewe wala mbele ya watoto wake. Kidonda cha mguu cha mtu mwenye sukari hakiguswi kabisa, hata kama sukari yenyewe inataniwa kila siku kwa kusogezewa sahani ya kashata na kuondolewa haraka mbele yake. Hakuna aliyewahi kuyatamka haya. Lakini alipokuja mgeni mmoja akavuka mpaka, akatania upofu uliokuwa unamnyemelea mzee wa jirani, dele lilipita mbele yake bila kusimama, na hakurudi tena.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mashine ya presha. Dereva ana binti anayefanya kazi Muscat, na binti huyo alimtumia baba yake mashine ya kujipimia nyumbani, ile ya kufunga mkononi na kusoma tarakimu kwenye kioo. Baba mtu hakuona sababu ya kukaa nayo nyumbani peke yake. Aliileta barazani jioni ya mechi ya Simba na Yanga, akaiweka kwenye benchi katikati ya vikombe, akatangaza kwamba leo itajulikana nani ana moyo na nani ana injini iliyochoka. Muuza samaki alikuwa wa kwanza, akapata 118 kwa 76, na kuanzia dakika ile hakukuwa na mtu aliyeweza kukaa naye kwa raha. Alisimama, akazunguka, akamshikisha kila mmoja mkono wake ausikie ulivyo mtulivu. "Si ajabu," alisema fundi saa. "Wewe umekula ng'onda tangu utotoni. Moyo wako umekaushwa kwa chumvi, hauwezi kuoza."

Kisha ikafika zamu ya mwalimu. Mashine ilijaa upepo, ikatulia, ikaandika 160 kwa 100. Palikuwa na ukimya mfupi, kisha mtani wake akasema kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, "Mia Sitini!" Jina hilo halijamtoka hadi leo. Wanafunzi wake wa zamani wanaopita mtaani hulisikia na kudhani ni alama alizowahi kupata katika mtihani fulani, naye hawasahihishi.

Yeyote anayejua namna presha inavyopimwa angesema kwamba tarakimu ile haikustahili kuaminiwa. Mtu anatakiwa apumzike kwa dakika 5 akiwa amekaa kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umewekwa usawa wa moyo, na mkanda umefungwa juu ya ngozi na si juu ya shati. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, na asiwe amebanwa na mkojo. Mwalimu alikuwa amekunja nne, amebinya mkono wa shati hadi ukambana begani, ameshakunywa vikombe viwili vya kahawa chungu, na alikuwa katikati ya kubishana kuhusu penalti. Tena kipimo kimoja hakitoshi: mtu husemwa ana shinikizo la juu la damu pale vipimo vya siku tofauti vinapoendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi. Alituambia hayo yote mwenyewe, kwa mpangilio kamili wa mtu aliyefundisha hisabati kwa maisha yake yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo jina lilivyozidi kumganda.

Hapo ndipo utani ulipoanza kufanya kazi yake. Kila jioni alipofika, kabla hata ya salamu kuisha, aliulizwa, "Mia Sitini, umeshukaje?" Swali hilo lilihitaji tarakimu, na mwalimu wa hisabati hawezi kujibu swali la tarakimu kwa maneno matupu. Akaanza kwenda kupimwa ili apate ushahidi wa kujitetea. Alikusudia kutuletea karatasi yenye kipimo kizuri aibandike juu ya jina lake jipya. Badala yake, zahanati ikampima siku moja, ikamwita tena, ikamwita tena, na kila mara alikuwa juu ya mstari, si kwa kiwango cha siku ile ya mechi lakini juu ya mstari hata hivyo. Akaandikiwa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi.

Ugumu wa presha unajulikana na kila mwenye ndugu anayeumwa presha: haiumi. Mtu humeza vidonge mwezi mmoja, anajiona mzima, anasema amepona, anaviacha, na presha inarudi juu bila kupiga hodi mpaka siku inapopasua mshipa wa ubongo. Daktari anaweza kumwonya mara moja kwa miezi mitatu. Mkewe anaweza kumwonya kila siku, lakini mke akionya huitwa mlalamikaji. Baraza halimwonyi, baraza linamwita Mia Sitini, na mtu anayeitwa hivyo kila jioni hawezi kusahau kwamba ana vidonge vya kumeza. Sijui njia nyingine ya bei nafuu kama hiyo.

Dereva mwenyewe, mwenye mashine, presha yake ilikuwa ya wastani. Ugonjwa wake ni mgongo, urithi wa miaka aliyokaa juu ya kiti cha lori kati ya Tanga na Mbeya, na baadaye ukaja kuwa tumbo. Alianza kushika chembe ya moyo baada ya kahawa na kukunja uso. Fundi saa, ambaye hutoa majibu kabla ya vipimo, alisema ni mawazo ya mke wa pili. Mwalimu alipinga kwa kutusimulia kisa cha daktari wa Australia, Barry Marshall, ambaye mwaka 1984 alikunywa mchanganyiko wenye bakteria ili kuthibitisha kwamba wao, na si mawazo, ndio wanaoharibu tumbo, akaugua kweli, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. "Huyo naye alikosa kahawa ya kunywa?" aliuliza muuza samaki. Mwalimu hakujali, akaendelea: sababu kubwa ya pili ya vidonda vya tumbo ni dawa za maumivu, aspirini, diklofenaki na jamii yake. Karani akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mke wa pili ameachiwa huru?"

Tulipomaliza kucheka tuliona dereva hachangii. Ikaja kutoka polepole kwamba amekuwa akimeza diklofenaki za dukani asubuhi na jioni, kwa miezi, kwa ajili ya mgongo, bila cheti cha daktari, na mara nyingi juu ya kahawa tupu bila kutia kitu tumboni. Mkewe hakujua. Binti wa Muscat hakujua. Sisi tulijua kwa sababu mke wa pili, ambaye hayupo wala hajawahi kuwapo, alikuwa amesafishwa jina lake hadharani na ikabidi mshtakiwa mwingine apatikane.

Muuza samaki naye siku yake ilifika. Alikuja asubuhi moja mguu wa kushoto una kiatu, wa kulia una kandambili, na kidole gumba cha mguu huo kilikuwa chekundu, kimevimba, kinang'aa. Alitembea kwa kisigino. Alisema kwamba usiku hata shuka lilikuwa zito, kwamba mjukuu alipita karibu na kitanda bila kukigusa na yeye akapiga kelele. Ilikuwa gauti, ambayo wengine huiita jongo: asidi ya yuriki imezidi katika damu, inaganda kuwa chembe ndogo ngumu ndani ya kiungo, na kidole gumba cha mguu ndicho kiungo inachokipenda. Vyakula vinavyoichochea ni pamoja na maini, figo, nyama nyekundu na dagaa, na mtu huyu anauza samaki, kisha jioni anakula zile dagaa alizoshindwa kuziuza. Mwalimu aliyafurahia maumivu yale kwa namna ambayo mtu asiye mtani wake asingethubutu. Alieleza kwa utulivu kwamba ugonjwa huo huko Ulaya ulijulikana zamani kuwa ni ugonjwa wa wafalme, kisha akasimama, akainama mbele ya kandambili ile, akasema, "Hatimaye Uzaramo umepata mfalme." Mfalme alicheka hadi akausogeza mguu bila kukusudia, na kilio alichokitoa kilisikika hadi barabara ya pili.

Kuna utani mwingine, mdogo zaidi, unaomhusu anayejitibu kwa simu. Fundi saa kope ya jicho lake la kushoto ilianza kucheza, akaiandika kwenye intaneti, na usiku mmoja ulimtosha kufika kwenye uvimbe wa ubongo. Alikuja barazani amenyauka. Sisi watu wa pwani tunajua tangu utotoni kwamba jicho likicheza kuna mgeni yuko njiani, na karani alimuuliza kwa upole kama huo uvimbe ndiye mgeni mwenyewe na kama atalala au atapita tu. Kope inayocheza aghalabu hutokana na uchovu, usingizi haba na kahawa nyingi, na kwa hiyo tulimkatia kahawa tukamwachia kikombe kimoja. Muuza kahawa alilalamika kuliko mgonjwa.

Wanawake wana utani wao, na nionavyo wametutangulia mbali. Katika kikundi cha akiba cha mke wangu kuna mama mmoja aliyeanza kupata mawimbi ya joto yanayokuja na kukoma kwa hedhi, na ndani ya muda mfupi akawa anaitwa Mama Kiyoyozi. Akipandwa na joto katikati ya kikao, kanga zote zinaanza kupepea upande wake bila kuambiwa, na hesabu za mkopo zinaendelea. Zaidi ya hapo sijui, kwa sababu nikipita hunyamaza.

Niliahidi kuufikia ukweli ulio katika lawama ya binti zetu. Upo utani wa maradhi ambao ni sumu, nao tuliuona kwa macho yetu tukiwa vijana. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mitaa ilijaa misemo ya kuchekesha juu ya ugonjwa ule: fulani amekanyaga waya, fulani ana ngoma. Misemo ile haikumsaidia mgonjwa hata mmoja. Ilisemwa akiwa ameshapita, kwa sauti ya chini, na wanaocheka walijihesabu kuwa wako upande mwingine wa ukuta, upande wa wazima. Tukicheka goti la karani, karani yupo, anajibu, na kila mmoja wetu ana goti lake linalosubiri zamu. Mtu akiondoka tukaanza kumcheka mgongoni, huo si utani tena, ni kusengenya, na nimeona baraza nyingine zikiishi kwa hilo tu. Nisiseme kwamba letu ni safi. Nasema kwamba fundi saa, kwa ukali wake wote wa ulimi, mtu akiinuka kwenda nyumbani hubadilisha mazungumzo.

Kuna pia ugonjwa ambao utani ulikaribia kuufungia ndani badala ya kuutoa. Karani, yule mwenye goti la babu yake, alianza kuacha mchezo wa drafti katikati ili aende chooni. Alikwenda, akarudi, kete mbili tatu, akaenda tena. Kwa kuwa alikuwa mtu wa bandari, tukaanza kumuuliza, "Meli ngapi zimeingia usiku wa kuamkia leo?" Naye akajibu nne, tano, siku nyingine sita, akacheka nasi. Lakini tofauti na goti, hakuna swali la pili lililofuata. Kila mtu pale alijua kwamba kuamka mara nyingi usiku, mkojo kuchelewa kuanza na kutoka kwa kukatikakatika ni dalili za tezi dume, na kila mtu alijua kwamba tezi dume ina kipimo cha kidole, na wanaume wa barazani wakifika kwenye kidole huangua kicheko cha aina yake, kirefu na chenye woga, ambacho baada yake hakuna anayeweza kusema, "Mimi nataka kwenda." Nilikitazama kicheko kile kikimfunga mdomo karani mbele ya macho yetu.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Umri unavyokwenda hukua, na ikikua hubana mrija huo. Kukua huko ni kwa kawaida kiasi kwamba karibu nusu ya wanaume walio katika miaka ya hamsini huwa tayari wanako, na kwa wenye miaka 80 na zaidi ni wengi sana kuliko wasionako. Mara nyingi si saratani. Lakini dalili pekee haziwezi kumwambia mtu ni lipi kati ya hayo mawili, na saratani ya tezi dume inapoanza mara nyingi haina dalili yoyote. Na sisi wenye asili ya Kiafrika tuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata. Kwa hiyo kuna kipimo cha damu, PSA, na kuna kidole, na hata PSA ikipanda si lazima iwe saratani, kwani inaweza kupandishwa na tezi iliyokua tu au na maambukizi.

Aliyeivunja hali ile ni fundi saa. Jioni moja, karani aliporudi kutoka chooni na sisi tukiwa tumeshatayarisha swali la meli, fundi alisema, akiwa anachagua kete ya kusogeza, "Mimi nilishapimwa." Hakuna aliyeuliza amepimwa nini. "Mwaka jana. Kidole na damu. Nilipoingia, kitu cha kwanza nilichokitazama ni mikono ya daktari. Alikuwa kijana mwembamba, ana vidole kama vya mpiga kinanda. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi." Baraza likalipuka. Akaendelea, na akatusimulia yote bila kuruka kitu: alivyolala ubavu na kukunja magoti, alivyokaza macho kwenye kalenda ya ukutani na hadi leo anaikumbuka picha yake, daktari alivyomuuliza habari za Coastal Union ili kumsahaulisha, na yeye alivyojibu kwamba Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa mwaka 1988 na kwamba tangu hapo hawajastareheka tena, kama yeye dakika ile. Kwa jumla, alisema, kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko kupoza kikombe kimoja cha kahawa.

Tulicheka kuliko siku ya mfalme wa Uzaramo, ila kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine kwa sababu aliyekuwa anachekwa ndiye aliyekuwa amepita njia ile na kurudi akiwa amekaa palepale, anashinda drafti kama kawaida. Juu ya jambo hili, nadhani ni mtu wa namna hiyo pekee ambaye utani wake una faida. Sisi ambao hatujapimwa tulikuwa tunapiga kelele gizani tu. Karani hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata alikosekana asubuhi moja, na aliporudi alisema tu kwamba daktari wake ni mnene.

PSA yake ilikuwa juu. Aliandikiwa kwenda hospitali kubwa, akachukuliwa vinyama vya kupimwa, na kukawa na majuma ya kusubiri majibu. Katika majuma yale hakuna aliyeuliza habari za meli. Hatukuwa tumekubaliana; kila mmoja aliona kwa wakati wake kwamba swali lile haliulizwi sasa. Tulimpisha akae kwenye kona yenye upepo. Muuza samaki alimletea changu bila kutaka fedha. Mwalimu alimwachia ashinde drafti, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote. Karani aliyavumilia mambo haya kwa siku kadhaa, kisha akaisukuma drafti pembeni.

"Mbona hamniulizi meli?" alisema. Hakuna aliyejibu. "Nauliza. Kwani daktari amewaambia nini ambacho mimi hajaniambia?"

Fundi saa alijikohoza. "Tulidhani bandari imefungwa."

"Bandari iko wazi. Jana usiku zimeingia tano, na moja ilikwama langoni."

Majibu yalipokuja yalikuwa ya heri: tezi imekua, saratani haikuonekana. Amepewa vidonge vya kulegeza misuli inayozunguka shingo ya kibofu, ameambiwa apunguze kahawa ya jioni, na arudi kupimwa PSA kwa tarehe walizompangia. Siku hizi huripoti meli moja, nyingine mbili, na akilala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamka hutangaza sikukuu ya bandari na kutununulia kashata.

Juzi mwalimu alisubiri mpaka wengine wamezama katika ubishi wao, akamsogelea karani, akamuuliza kwa sauti ya chini jina la zahanati na saa ambazo daktari anapatikana, kwa sababu, alisema, kuna ndugu yake mmoja huko Tabora anayesumbuliwa kidogo na mkojo na huenda akaja kumtembelea. Karani alimweleza vizuri, bila kucheka. Fundi saa, ambaye tulidhani yuko kwenye drafti, alisogeza kete yake na kusema bila kugeuka, "Huyo ndugu yako mwambie asinywe kahawa kabla ya kwenda. Wataanza kumpima presha, na yake ni mia sitini."